Dohani Izidi Paa

Haya ni kweli tupu, na asiyeamini aje anikague. Siku niliyowasha jiko langu jipya la kuni sebuleni, liliwaka mpaka jirani wa nyumba ya tatu akavua sweta. Kasoro ilikuwa masizi. Bomba la moshi nililikata fupi, likatokeza ukutani, na masizi yote yakapanda kutua kwenye kioo cha mtambo wa jua ulio juu ya nyumba, unaompashia mke wangu maji. Maji yakapoa. Magoti yake, ambayo bila maji ya moto hayaamki, yakagoma.

Ndiye aliyemwita mkaguzi wa halmashauri. Mke wangu wa ndoa!

Mkaguzi alikuwa binti mwenye kofia ngumu na futi kiunoni. Akanisomea sheria ndogo, ndogo kwa jina tu: dohani izidi paa kwa mita moja, la sivyo jiko ling'olewe. Nikaomba hadi Ijumaa. Kupanda juu siwezi. Hata nikisimama kwenye stuli naona watu kama sisimizi.

Nikaitafakari ile sheria. Wangeandika paa la nyumba, ningekwisha. Lakini waliandika paa, basi. Nikachonga paa wa mbao, pembe na mkia, nikamsimamisha chini ya bomba.

Mkaguzi aliporudi nikamwambia, "Mwanangu, paa huyo, na dohani hiyo imemzidi. Pima."

Akapima. Mita moja na vidole viwili. Akakuna kichwa chini ya kofia, nami kwa furaha nikatia chumvi: kwamba huyu si kinyago hata kidogo, ni paa hai aliyetoka porini kuota moto, akanogewa, akaganda hapo hapo.

Mke wangu alikuwa ameegemea mlango, anasugua goti. Akasema taratibu, "Haya, mzee. Mwonyeshe basi kibali cha kufuga mnyama wa porini."

Mkaguzi akatoa kalamu. "Hiyo ni idara nyingine, mzee wangu. Wale hawana utani."

Nikakiri papo hapo kwamba ni mbao, tena mbao za kabati la mama watoto.

Ngazi ikaletwa. Nikapanda na kipande cha bomba kwapani, nikakiunga. Kisha nikafuta kioo kwa shati langu la harusini, macho nimefumba, huku mke wangu akinielekeza kutoka chini:

"Kushoto, mzee. Bado kuna doa."