Spika Ndani ya Sauna

Terhi Paananen hakuwa mtu wa kujishuku. Miaka ishirini na sita anaendesha forklifti kwenye kiwanda cha karatasi hapa Kouvola, hajaangusha hata bunda moja, na ukimwambia ni bahati atakukata jicho mpaka ujute. Kwa hiyo Veijo, mpiga ngoma wa bendi yake ya zamani, alipompigia simu kumwambia kwamba bendi yao inarudi studio, na kwamba gitaa litapigwa ama na yeye Terhi ama na Santeri, Terhi aliangua kicheko.

"Santeri yupi? Yule wa duka la rangi?"

"Huyohuyo. Ana miaka thelathini na moja, ana vidole, na hana makuu. Wewe una makuu."

"Nyimbo zenyewe nimetunga mimi, Veijo!"

"Umetunga enzi hizo. Sasa sikiliza, mama. Kila mtu arekodi nyumbani kwake, wimbo mmoja, juu ya ngoma nilizokwisha kupiga. Jumamosi ya tatu kuanzia leo, saa kumi na mbili jioni, tunakaa kwangu, anayetaka aje, tunasikiliza zote mbili bila kujua ipi ya nani. Itakayoshinda inaingia studio Jumatatu. Nyingine inabaki nyumbani."

Hilo la kubaki nyumbani ndilo lililomchoma. Bendi hiyo, Suonsilmä, yaani jicho la kinamasi, aliianzisha yeye akiwa na miaka ishirini, Veijo akiwa bado hajui kushika vijiti. Ilipovunjika, Terhi alibaki nyumbani miaka kumi na tisa, akipiga gitaa peke yake, hedifoni masikioni, na mumewe Kauko akitazama mchezo wa magongo barafuni kwenye televisheni. Alishachoka kubaki nyumbani. Akasema moyoni, huyo muuza rangi atanitambua.

Ampu aliyokuwa nayo haikuwa ya mchezo. Wati mia moja, taa nne kubwa za kioo zinazowaka nyuma kwa rangi ya chungwa, na mkwaruzo ambao ukiufungulia wote hata kamba moja inanguruma. Kitu hicho kimetengenezwa kujaza ukumbi. Terhi alikuwa nacho kwenye flati ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, chini yake Bibi Aune mwenye miaka themanini na moja, juu yake bwana mmoja anaitwa Reijo, ambaye kwa miaka kumi na moja wamepanda lifti pamoja na hajawahi kumwambia hata hujambo.

Akapata akili. Ampu akaiweka sebuleni, lakini lile boksi la spika akalisukuma mpaka ndani ya sauna. Kila flati ya jengo lao ina sauna yake nyuma ya bafu: kijichumba cha mbao, mabenchi mawili, jiko la umeme lenye mawe juu, na mlango unaofunga sawasawa. Akaweka maiki mbele ya spika, akalizungushia madoshi ya makochi na mablanketi, akapitisha waya chini ya mlango. Yeye anakaa sebuleni na hedifoni, anasikia kila kitu, na majirani hawasikii chochote. Wiki ya kwanza ikapita, hakuna aliyelalamika. Hakuna karatasi iliyobandikwa pale chini kwenye ubao wa matangazo, na huku kwetu mtu akikerwa hasemi, anabandika karatasi. Terhi akajipa hongera.

Na sauti aliyoipata humo, lo! Mkwaruzo kwenye nane, besi kwenye saba, trebo kwenye saba, kitufe cha sauti za kati, baina ya besi na trebo, kakishusha mpaka moja. Ukubwa wa sauti ya ampu kauacha chini kabisa, isije ikapenya ukuta. Kwenye hedifoni ilikuwa nene chini na kali juu, ikapiga kifuani, mpaka akawa anatabasamu peke yake.

Akamtumia Veijo jaribio, kwa kujishaua tu. Jibu likaja baada ya saa moja: "Nimesikiliza. Gitaa linaanza dakika ya ngapi?"

Terhi alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akasikiliza mwenyewe pamoja na ngoma, na kweli, ngoma zikianza tu gitaa linazama. Linabaki vumivumi huku chini na sisisi huko juu. Dawa yake? Akaongeza mkwaruzo ukafika tisa. Ndivyo alivyo Terhi, akikosea anakosea kwa nguvu.

Jumamosi yenyewe ikafika. Alianza saa nane mchana, jua la Machi likipiga kwenye theluji chafu ya uwanjani. Saa kumi aliinuka akaenda bafuni, akanawa mikono, akarudi kwenye gitaa. Saa kumi na nusu akagundua kwamba sauti imelegea kidogo, imekuwa laini, na akaipenda. "Umeona sasa," akajiambia, "inakubali." Akaongeza trebo. Palikuwa na harufu kidogo, lakini ampu za taa zina harufu, vumbi linaungua juu ya kioo, ni kawaida.

Mlango wa mbele ukafunguka. Kauko huyo, ametoka Oulu na lori lake, begi begani.

"Unaunguza nini?" akauliza.

"Siunguzi kitu. Ni ampu imechangamka."

Kauko akasimama pale kwenye zulia, akanusa, akanusa tena. "Tangu lini ampu ikanuka sufu?"

Terhi akavua hedifoni. Blanketi la sufu la mama mkwe lilikuwa wapi? Juu ya spika. Na spika iko wapi?

Hata hapo hakukimbia kwanza. Ampu ya namna hiyo ukiing'oa spika yake wakati inawaka unaiua, na Terhi hilo analijua hata usingizini. Akazima kitufe cha kwanza, akazima cha pili, Kauko akipiga kelele "Acha hiyo, mwanamke, nyumba inaungua!" Ndipo akakimbia.

Mlango wa sauna ulipofunguliwa, joto liliwapiga usoni. Kona ya blanketi ilikuwa imegusa jiko, inafuka moshi, bado kidogo ishike moto. Kauko akanyakua ndoo ya maji akaimwagia yote, akazima na jiko. Maiki ilikuwa imelala juu ya mawe, kishikizo chake cha plastiki kimeyeyuka kabisa. Ngozi nyeusi ya boksi la spika ilikuwa imebanduka pembeni na kujikunja.

"Nani kawasha sauna?" Terhi akafoka. "Nani? Nilikuandikia kwamba sauna ina vitu!"

"Mimi hata viatu sijavua."

Wakatazamana. Terhi akaiona saa kumi, akajiona ananawa mikono, anajifuta kwa taulo, na mkono wake wa kulia unapanda wenyewe ukutani kuzungusha swichi, kama ulivyofanya kila Jumamosi saa kumi aliyokuwa nyumbani tangu waoane; mbili zilizopita alikuwa zamu kiwandani. Hakuna mtu wa nchi hii ambaye angeuzuia mkono huo.

"Ni mimi," akasema.

Kauko hakumcheka, na hiyo ndiyo sababu bado wako pamoja. Alitazama saa. "Saa kumi na moja kasorobo. Mpigie Veijo, muombe mpaka kesho."

"Veijo? Mimi simwombi Veijo hata chumvi. Shika huku, tulitoe."

Walilibeba boksi kwa mataulo, maana lilikuwa la moto, wakalitua katikati ya sebule na kufungua madirisha ili lipoe. Kwenye kabati ilikuwepo maiki ya zamani ya bendi, imebonyea kichwa kwa kuangushwa mara nyingi, lakini bado nzima kabisa. Kilichokosekana ni sauna. Hapo Terhi akajua hana ujanja, atapiga hadharani, spika wazi, jengo zima lisikie. Sheria ya nyumba inaruhusu kelele mpaka saa nne usiku, hilo lilikuwa ukutani siku zote. Lakini hakuwahi kumpigia jirani kelele usoni. Akashuka ngazi kwa Bibi Aune.

Bibi Aune alifungua akiwa na joho la kuogea, nywele amezifunga kitambaa.

"Shikamoo, Bibi Aune. Nimekuja kukuomba radhi kabla. Kwa saa nzima hivi nitapiga kelele kidogo."

"Kwani ulikuwa umenyamaza?"

"Si nilikuwa nimenyamaza?" Terhi akauliza.

"Mwanangu, sauna yako na sauna yangu zina tundu moja la hewa. Na ya Reijo huko juu pia. Wiki tatu sasa naoga na wewe."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mchana ni wako." Bibi akajifunga joho vizuri. "Ila ukiniuliza, sauti yako haina mtu ndani. Mimi nimekaa kwenye swichibodi ya simu hapa Kouvola miaka thelathini na mbili. Zile nyaya zetu zilikuwa hazina chini wala juu, zilipitisha ya katikati tu. Na bado nilimjua kila mtu kwa neno la kwanza, nikajua na kama amelia. Wewe umeacha mengine yote, hiyo ya kutambulika umeitoa. Nenda, unapoteza muda. Mimi nangoja umalize ndiyo nioge."

Terhi alipanda ngazi mbilimbili. Hakuwa ameambiwa jambo geni. Kila mpiga gitaa amewahi kulisikia. Lakini ukiwa peke yako na hedifoni, sauti isiyo na kati ni tamu, na nani anataka kuacha utamu?

Safari hii hakuvaa hedifoni. Ngoma za Veijo akazifungulia kwenye redio kubwa ya Kauko, akasimama mbele ya spika, akawasha taa za ampu, akangoja zipate moto. Ukubwa wa sauti akaupandisha mpaka tatu. Vikombe vikaanza kuongea kabatini. Kisha mkwaruzo, kutoka tisa akaushusha saba, sita, akafumba macho akaufikisha nne. Hapo akahisi amevuliwa nguo, maana mkwaruzo ulikuwa unamfunika kila kosa, na sasa kidole kikiteleza kinasikika. Besi akaishusha nne. Trebo tano. Kitufe cha kati akakisukuma kutoka moja mpaka saba.

Akapiga peke yake. Mbaya! Sauti ya puani, inakera, inabweka.

"Ndiyo hiyo?" Kauko akauliza kutoka jikoni.

"Ngoja wewe."

Akawasha ngoma, akapiga tena. Na gitaa likakaa. Halikuzama wala halikupigana na mtu. Lilisimama katikati ya ngoma na mtu angeweza kuhesabu kila pigo lake. Terhi akasikia mkono wake mwenyewe, ule aliokuwa nao akiwa na miaka ishirini, na furaha ikampanda mpaka kooni. Alikuwa amejificha mwenyewe, wiki tatu, kwa madoshi na mablanketi.

Mara ya kwanza akakosea kamba. Mara ya pili simu ikalia katikati, akaitukana. Mara ya tatu alipiga dakika nne na nusu bila kupumua vizuri, na akajua ndiyo hiyo kabla haijaisha. Akaituma saa kumi na mbili kasoro dakika nne. Halafu akachukua tepu nyeupe na kalamu, akatia alama kwenye kila kitufe.

"Sasa hatuna sauna," Kauko akasema, akiitazama ndoo tupu. Kwake hilo ndilo lililokuwa janga la siku.

Lakini kukasikika kugongwa kwenye bomba, mara tatu, kutoka chini. Bibi Aune alikuwa anawaita saunani kwake.

Kauko aliketishwa jikoni na kahawa na mkate mtamu wa iliki, angoje zamu ya wanaume. Terhi na Bibi Aune wakaingia, wakakaa benchi la juu, mataulo chini yao. Bibi akamwaga kata ya maji kwenye mawe, mvuke ukawapanda mabegani. Terhi alikuwa mtulivu kwa nje. Ndani alikuwa anahesabu. Sasa huko kwa Veijo wanasikiliza ya kwanza. Sasa wamepumzika, wanageuza soseji motoni. Sasa ya pili. Alijua amepiga vizuri. Alijua pia kwamba Santeri ana vidole.

Simu ikalia jikoni. Wakamsikia Kauko: "Ee. Ee. Sawa. Ee." Akakata.

"Kauko!" Terhi akaita. "Nani huyo?"

"Veijo."

"Kasema nini?"

"Kasema Jumatatu saa mbili asubuhi."

"Nimfuate Jumatatu kufanya nini? Wewe mwanamume utaniua! Kasema nini hasa?"

Kauko akatafuna kwanza, akameza. "Kasema ya pili wameitambua wote kwa pigo la kwanza, mpaka Santeri. Santeri ndiye aliyesema, huyu ni mwenye nyimbo. Na kasema uje na hiyo ampu, na usiguse kitufe hata kimoja."

Terhi akapiga ukelele. Haukuwa neno, ulikuwa ukelele tu, wa miaka kumi na tisa, na Bibi Aune akacheka mpaka akashika mbavu.

Ulipokwisha, yakasikika mawe tu yakipasukapasuka kwa joto. Kisha kutoka kwenye tundu la hewa, juu kabisa, ikashuka sauti ya mwanamume ambayo Terhi hakuwahi kuisikia maishani mwake.

"Hongera, jirani," ikasema. "Ile ya leo ndiyo yenyewe."