Ukuta wa Forodha

Mchora mabango ana watoto wakubwa sasa, lakini zile Jumamosi nne za ujana wake hazijamtoka moyoni.

Alikuwa na miaka kumi na tano. Mwalimu wao wa sanaa alipatana na mwenzake wa ng'ambo ya mpaka kwamba wanafunzi wa shule zao wachore pamoja ukuta mrefu wa ofisi ya forodha. Wenzao wakavuka kwa miguu, wakaitwa majina mmoja mmoja kwenye kizuizi cha mpaka, wakaja kusimama upande wao wa ukuta.

Yeye alichora ng'ombe, jasho likimtiririka.

"Dada, ng'ombe wako ana miguu mitano," akasikia nyuma yake.

Alikuwa msichana mwembamba wa ile shule ya ng'ambo, kashika brashi kwa mkono wa kushoto. Mchora mabango akahesabu. Kweli, mitano.

"Huo wa tano ni mkia," alijitetea.

"Basi mkia umeota kwato."

Wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Yule msichana akaujaza ule mguu majani, ukawa kichaka. Tangu hapo akamwita Mashoto, na wakawa chanda na pete. Waligombana mara moja tu, kuhusu samawati ya anga: mmoja aliitaka iliyokolea, mwingine nyepesi. Wakanuniana nusu saa, kisha wakazichanganya.

Ukuta ulipokamilika waliandikiana kwa miaka miwili, kila bahasha na mchoro wake. Halafu Mashoto akahama, barua ikarudi haijafunguliwa. Yeye alilia siku nzima.

Mwaka jana alipata kazi ya kuandika bango kule mpakani. Ukuta haukuwapo, palikuwa na jengo jipya la vioo. Akamuuliza karani mzee.

"Ulibomolewa zamani," karani alisema. "Wewe ni wa pili kuuliza. Kuna mama alikuja mwaka juzi, akasaini daftari kwa mkono wa kushoto."

Akamsogelea. "Hakuacha namba?"

"Sikumwomba. Sikujua kama kuna wa kumpa."

Akamwachia yake, endapo Mashoto atarudi. Kisha akavuta kiti, akaomba asimuliwe tena polepole: alinenepa? Alikuja na nani?

"Peke yake," karani alisema. "Alilia kidogo pale nje. Halafu akaanza kucheka, eti amemkumbuka ng'ombe."