Mikono ya Danstan

Marsiana alikuwa anaosha mihogo kwenye bwawa linalotenganisha shamba lake na shule ya Nyarubungo, Khalidi wa ofisi ya maji alipofika na pikipiki, kishikwambi kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Daraja linakuja?"

Khalidi akaeleza, na kijana wa watu alieleza vizuri tu. Setilaiti ikipita juu hurusha leza ya kijani. Mwanga mwingine hurudi ukigusa uso wa maji, mwingine hurudi ukigusa chini, na muda unaopishana ndio unaosema kina. Hapa kila mara kina kilikuwa cha magotini. Maji ya magotini hayapewi daraja.

Marsiana hakubishana, maana aliyeharibu vipimo alimjua. Mumewe Danstan alizama humo msimu wa mvua wa mwaka juzi, na tangu hapo anaishi chini, pale pale wanapovukia watoto. Kiangazi, maji yakitulia, humwona amesimama na shati lake la kanisani, kafunga vifungo vyote. Na Danstan kwa adabu, jamani, hana mwenzake. Kitu akipewa hupokea kwa mikono miwili, hata kijiti cha kiberiti. Leza ikishuka, huinyooshea mikono juu, karibu na uso wa maji, na kuipokea hapo kabla haijafika chini.

Khalidi alipoondoka, Marsiana aliinama juu ya maji.

"Baba Jovitha, ule mwanga usiupokee. Uache ufike chini. Wakijenga daraja utapumzika, urudi nyumbani."

"Mgeni katoka mbali hivyo, nimwache apite?" Sauti ilipanda na mapovu.

"Ukae tu. Kwa ajili yangu."

Danstan akakaa, viganja kavificha kwapani, uso umemshuka kwa aibu. Marsiana alimhurumia, na alimpenda mno siku ile. Setilaiti ikapita. Kipimo kikaja: maji yanamzidi mtu mzima kimo.

Ofisi ikasema hilo ni kosa la mashine, kwani vipimo vingine vyote vilikubaliana. Wakakifuta.

Mvua zikaanza. Bwawa likachafuka, chini haonekani mtu. Asubuhi watoto walifika ukingoni na viatu mikononi, mjukuu wake Irine akiwa mbele. Khalidi naye alikuwepo. Irine akatia mguu, Marsiana akauma pindo la kitenge. Maji yakaishia magotini. Hatua ya pili, magotini. Mpaka ng'ambo hayakupanda.

"Babu ana mikono ya baridi," Irine akasema, akavaa viatu.

"Si unaona, mama?" Khalidi akasema kwa upole. "Magotini."

Marsiana akakubali kwamba anaona.

Jioni alipeleka ndizi alizopika, kazifunika kwa jani la mgomba.

"Leo utakuja nyumbani?"

"Na kesho nani awapokee?"

Mikono miwili ikatoka majini kupokea sahani. Viganja vilikuwa vimechubuka. Marsiana akavishika kidogo, halafu akaviachia, maana chakula kilikuwa kinapoa.