Baba wa Leseni

Kipigo cha Rangwe ndicho kilichomfanya Mirumbe atafute baba.

Alikuwa akitoka Homa Bay na pikapu ya samaki, Phelesia mwenye gari ameketi kando yake, bodaboda moja ikachomoka sokoni bila kuangalia kushoto wala kulia. Kioo cha pembeni kikaigusa. Pikipiki ikalala, mwenyewe akainuka akijipangusa vumbi, hana hata mkwaruzo. Lakini nani alimngoja aseme? Wenzake walikwisha kuufungua mlango, wakamvuta Mirumbe kwa kola na kumlaza juu ya lami. Teke la kwanza lilimpata mbavuni, la pili mdomoni, na jino likatoka. Mmoja akampekua, akatoa kile kitabu chekundu cha leseni za zamani, akasoma kwa sauti.

"Hii imeisha kitambo! Na jamaa si wa huku. Ni Mtanzania!"

Hapo kipigo kikabadilika. Mwanzo walikuwa wakimpiga dereva. Sasa walimpiga mgeni, na mgeni hana shangazi sokoni wa kumlilia. Jiwe likamfunga jicho la kushoto. Mtu akaita petroli. Phelesia ndiye aliyejitupa juu yake mzimamzima, akawatukana kwa Kijaluo, akawataja mama zao mmoja mmoja kwa majina, mpaka wakaona haya na kutawanyika.

Kesho yake alimwita Mirumbe nyumbani kwake Homa Bay.

"Wuoda, mwanangu, nakupenda kama niliyekuzaa," alisema akilitazama lile jicho, "lakini hiyo gari ndiyo maisha yangu. Wakichoma, nitakula nini? Enda utengeneze leseni. Ukishindwa, uniachie funguo, urudi kwenu."

Kurudi! Neno jepesi mdomoni mwa mtu aliye kwao. Mirumbe alizaliwa ng'ambo, upande wa Tarime, Mkuria kama Wakuria wa Ntimaru upande wa Kenya, na mpaka umepita kati yao kama kamba ya kuanikia nguo katika ua mmoja. Huko alikuwa na mama na kaka, na kaka yake Muniko alikuwa mwizi wa ng'ombe. Ni huyo huyo Muniko aliyeuza fahali wake mwenyewe ili mdogo wake asomee udereva Migori. "Akichafuka mmoja katika nyumba, inatosha," alimwambia. Mirumbe akirudi mikono mitupu, aliijua kazi iliyokuwa ikimngoja. Kazi ya panga.

Basi akaenda Migori, kwenye duka la kompyuta. Binti wa pale, Celestine, alimwonyesha kioo cha kompyuta.

"Mkenya anaweka namba ya kitambulisho hapa. Mgeni anaweka namba ya kadi ya wageni. Yako iko wapi?"

"Sina."

"Basi mashine haikujui, boss."

Kadi ya wageni ilitaka kibali cha kazi, kibali kilitaka barua ya kampuni, na Phelesia hakuwa kampuni, alikuwa mama na mabeseni yake. Zamani, Mirumbe alipopata kile kitabu chekundu, mambo yalikuwa mepesi. Mirumbe alitoka nje, akaketi kwenye ngazi na uso wake uliovimba. Hapo ndipo Omanga, dalali aliyeshinda mlangoni pale akiwinda wenye shida, alipomsogelea.

"Kikuria unaongea. Sura ni ya Kikuria. Kitu umekosa ni baba tu," alisema. "Enda Ntimaru, uliza Mzee Nchagwa. Yeye naye amekosa watoto."

Nchagwa hakuwa mtu mwema, tusidanganyane. Wezi wa ng'ombe kutoka ng'ambo walimuulia wanawe wawili mtoni kwa panga, na tangu siku hiyo moyo wake uliishi kwa hasira tu. Alimtazama Mirumbe mabega na mikono, kama mnunuzi anavyomtazama maksai mnadani.

"Pesa yako sitaki," alisema. "Nitaapa kwa chifu kwamba wewe ni wangu. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na mimi jembe sina." Akamtupia panga miguuni. "Pembe ya wizi wa ng'ombe ikilia, utakuwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa, nani?"

"Hapa, baba."

Mbuzi akachinjwa mbele ya majirani, wakala ini lake kwa kisu kimoja, mzee na kijana, kiapo cha baba na mwana. Mirumbe alidhani ni mchezo wa kumridhisha chifu. Mzee alitafuna amefumba macho, na machozi yakampita mashavuni bila yeye kuyafuta.

Kitambulisho kikatoka, leseni mpya ikafuata, kadi ngumu yenye picha yake. Alipita Rangwe akipiga honi kijiji kizima, ujinga mtupu, lakini nani angemnyima? Phelesia alicheka mpaka akashika mbavu. Mirumbe alikuwa na furaha, na katika furaha hiyo alisahau kwamba ini alilokula lina deni.

Pembe ililia mchana, jua la utosi, akiwa Ntimaru anashusha samaki. Wanaume waliacha mizani, wakaacha ugali kwenye sahani, wakakimbia. Mirumbe alichomoa panga chini ya kiti akakimbia nao. Nani angebaki? Soko zima lilikuwa likimtazama mtoto wa Nchagwa.

Mtoni walikuta ng'ombe wameshaingizwa majini na mishale inaruka. Kijana aliyekuwa mbele yake alipigwa shingoni, akaanguka akiushika mshale kwa mikono miwili. Mwizi mmoja alikatwa mguu, akawa anatambaa, na vijana wanne wakammalizia kwa mawe huku akiomba maji. Maji yenyewe yalikuwa mekundu. Mirumbe alipiga mkono, akapiga bega, hajui la nani. Kisha akamwona mzee amelala chali kwenye nyasi, na juu yake jitu limejifunga kitambaa usoni, limeinua panga.

Alimkata kwa nyuma, kati ya shingo na bega, kwa nguvu zake zote. Mtu yule akageuka. Kitambaa kilikuwa kimeanguka.

"Mirumbe," Muniko alisema kwa mshangao tu, bila hasira. "Wewe huku unatafuta nini?"

Akapiga magoti, akalala kifudifudi miguuni pa mzee. Vijana wengine hawakusikia. Nchagwa alisikia.

Wezi walipokimbia, vijana walitaka kuzichoma maiti zao palepale. Mirumbe alimbeba Muniko begani, akasema huyu anampeleka polisi. Akampakia pikapu, kati ya kreti za samaki, akamfunika turubai. Alitaka kumfikisha kwa mama yao ng'ambo kabla jua halijazama. Alipowasha gari mzee akapanda kando yake na bakora yake, bila kuitwa.

Karibu na mpaka kulikuwa na kizuizi cha polisi.

"Leseni."

Mirumbe akaitoa. Afande akaigeuzageuza.

"Iko sawa. Nyuma kuna nini?" Akaenda, akafunua turubai, akarudi mbio na bunduki mkononi. "Huyu ni nani?"

Mirumbe alimtazama mtu aliyeshika ile kadi. Akisema ni kaka yake, ataulizwa kwao wapi, na baba atakwisha, na leseni itakwisha, na gari, na Homa Bay yote.

"Simjui, afande. Ni mwizi wa ng'ambo. Mgeni tu."

Bakora ya mzee ilimpata mdomoni, pale pale pengo la Rangwe lilipokuwa. Ikampata tena. Afande alirudi nyuma hatua.

"Wanangu walikufa mmoja amemlalia mwingine," Nchagwa alisema. "Mtoto wangu hamkani ndugu yake. Sema!"

Mirumbe akatema damu dirishani.

"Ni Muniko. Tumezaliwa na mama mmoja. Aliuza fahali wake, nikapata hiyo kitu umeshika." Akaelekeza kidole nyuma, kwenye turubai. "Nimemkata mimi."

Afande aliitazama picha, akamtazama na mzee.

"Na wewe mzee, hapa ni nani?"

"Baba yao," Nchagwa alisema. "Wote wawili. Andika."

Mirumbe alizima gari, akachomoa funguo, akaziweka juu ya ile leseni mkononi mwa polisi. Kisha akashuka kwenda kumfunika kaka yake vizuri.