Shavu la Najma

Mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba kiboko mmoja wa mto Lubumbashi alipanda treni mpaka Likasi bila tiketi, na kondakta akaogopa kumwamsha. Miaka thelathini ya reli ilinipa hadithi nyingi kuliko pensheni. Mtaani kwetu nikisema mvua inakuja, watu wanaanika nguo.

Jirani yangu Adija alikuwa mpangaji wa nyumba ya zamani karibu na mto, yenye baraza refu na matofali ya udongo wa kichuguu. Marehemu mume wake, Moustapha, alikuwa fundi wa plasta. Kwenye ukuta wa baraza alifinyanga treni, akafinyanga mamba muntu, yule mwanamke-samaki wa mitoni, na katikati yao binti yao Najma, aliyekufa akiwa na miaka saba. Imamu alipomuuliza kwa nini anatengeneza sura, alijibu kwamba yeye anaweka plasta tu, pumzi hana.

Macho ya Adija yalikuwa yamezimika kwa miaka sita. Kila asubuhi, kabla ya chai, alipitisha vidole kwenye uso wa Najma: paji, pua, shavu. Picha za telefoni zingemsaidia nini?

Kisha warithi wa mwenye nyumba wakauza kiwanja kwa Gauthier, mfanyabiashara aliyetaka kujenga maduka. Adija akanijia akipapasa ua.

"Papa Godefroid, weye unajua kusema. Enda umuambie aache ule ukuta tu. Nyumba abomoe."

"Mama Najma, ule hana masikio ya kuombwa."

"Basi umupe ya kuogopa."

Nikaenda. Nilimwambia Gauthier kwamba chini ya ukuta ule mjenzi wa kwanza alizika misalaba mia ya shaba, ile iliyokuwa pesa ya kale, mali ya chifu wa zamani, na kila aliyeugusa alizika watu wote wa nyumba yake. Nikamtajia majina ya waliokufa. Mawili niliyatoa kwenye timu ya mpira ya ujana wangu. Gauthier akafunga vifungo vya koti. Kesho yake akatuma mtu kusema ukuta utabaki.

Adija alinipikia bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Nilikula nikijisifu.

Lakini hadithi haikukaa kwa Gauthier. Ilipofika sokoni, laana ilikuwa imeanguka njiani. Ilibaki shaba tu.

Ijumaa saa saba mchana, Adija akiwa kwenye sala, nikasikia sururu. Vijana watano walikuwa wamechimba chini ya ukuta, shimo linawafika kifuani. Aliyewaongoza ni Précieux, wa barabara ya nyuma.

"Tokeni humo. Hakuna kitu. Nilikuwa nasema bongo, uongo mutupu."

Précieux hakuinua kichwa. "Papa, siku yote unasema bongo. Leo njo unasema kweli?"

"Leo njo kweli."

"Sawa. Tukipata, tutakuwekea moja ya kufungia mulango."

Wenzake wakacheka. Nikamshika mkono, akanisukuma polepole, kama mtu anavyomsukuma babu yake.

Ukuta haukupiga kelele nyingi. Ulikaa chini kama mtu aliyechoka, kisha ukalala. Wanne waliruka. Précieux tulimtoa baada ya nusu saa, mguu umesagika, na bado alikuwa anauliza kama shaba imeonekana.

Adija alirudi kutoka msikitini. Alipiga magoti akaanza kupapasa vumbi, akiweka vipande kwenye beseni: gurudumu la treni, magamba ya mamba muntu, vingine visivyo na jina. Jua lilikuwa linashuka aliponinyooshea kimoja, kikubwa kama kiganja, laini, chenye mviringo.

"Hii iko shavu. Ya nani?"

Ukingoni kulikuwa na rangi ya manjano, ya kola ya gauni la Najma. Hakuna kingine ukutani kilichopakwa manjano.

"Ya Najma. Iko na rangi ya robe yake, hapa ku shingo."

Kidole chake kilifuata pale nilipomwongoza. Rangi haishikiki.

"Na mamba muntu alikuwa na shavu."

"Mama Najma, nakuapia."

Aliendelea kukishika kidogo, akakigeuza.

"Ungekuwa muntu mwingine," akasema, akakirudisha kwenye kifusi, akaendelea kutafuta.