Baiskeli Nyepesi ya Ratemo

Ratemo alikuwa mtu wa kuondoa. Wenzake waliobeba ndizi kwa baiskeli kutoka Marani hadi mjini Kisii walikuwa watu wa kuongeza: huyu kafunga kengele ya pili, yule kaweka kioo, mwingine kaning'iniza vitambaa kwenye usukani kama anakwenda kuoa. Yeye alianza kwa kutoa kifuniko cha mnyororo, akafuatisha madigadi, akang'oa stendi. Mwaka wa 1965 akampelekea fundi Angwenyi baiskeli yake pale sokoni Marani, amkatie bomba la pili.

Baiskeli za mizigo za wakati ule zilikuwa na mabomba mawili ya juu, moja chini ya jingine, na hayakuwekwa kwa urembo.

"Hili ndilo linaloshika fremu ukiwa na mzigo," Angwenyi alimwambia. "Nikilitoa, kule mteremkoni itacheza."

"Na nikiliacha, kule kupanda nitakufa. Kata, bwana."

Na kwa kweli, hesabu ya njia ile ilikuwa ngumu. Inashuka kwa kona mpaka mtoni, halafu inapanda hadi mjini, na hakuna pa kupumulia katikati. Kushuka, mtu anataka chuma kizito kilichotulia, kisichotetemeka mikungu minne ya ndizi ikimsukuma mgongoni. Kupanda, anatembea na kusukuma, na kila kipande cha chuma anakilipia kwa jasho. Fundi wa kutengeneza baiskeli inayozipenda njia zote mbili hajazaliwa. Unachagua utateseka wapi, basi. Ratemo alichagua kutetemeka mteremkoni, na upande wa pili alipanda akipiga mluzi huku wenzake wakimtukana kutoka nyuma.

Mkewe Nyanchera aliposhikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, Ratemo alimkalisha kwenye keria, akashuka naye huku amebana breki, kisha akamsukuma kilima chote hadi hospitali bila kusimama. Jemimah alizaliwa kabla jua halijawa kali. Ratemo aliisimulia safari hiyo kanisani, sokoni na matangani, mpaka watu wakawa wanamkatiza na kuimalizia wenyewe.

Sifa huambukiza. Mogire, rafiki yake, naye alikatisha bomba la pili. Mwaka wa 1970, mvua ikiwa imechimba barabara, fremu ya Mogire ilikatika shingoni kwenye kona iliyo juu ya mto. Walimkuta chini ya ndizi zake.

Nyanchera alikaa matangani siku zote, bega kwa bega na mjane wa Mogire. Aliporudi nyumbani hakuvua hata leso.

"Baba Jemimah, rudisha lile bomba."

"Mogire hakujua kubana breki."

"Mogire alijua. Rudisha."

"Tiga," Ratemo alisema, maana yake aachane na habari hiyo, na akacheka ili mkewe naye acheke. Nyanchera hakucheka. Sikio la kufa halisikii dawa, na sikio la mwanamume anayesifiwa sokoni ni lile lile.

Miezi michache baadaye malaria ilimlaza Ratemo karibu wiki mbili. Hakujua mchana wala usiku. Alipopata nguvu ya kutoka nje, aliikuta baiskeli yake imeegemea ukuta, nyeusi, inang'aa.

"Nilimpa Angwenyi jogoo, akaipaka rangi," Nyanchera alisema. "Nimechoka kuangalia kutu."

Ratemo alifurahi sana. Kisha akaishika ili aigeuze, kama alivyozoea, kwa mkono mmoja. Baiskeli ilinyanyuka kidogo ikarudi chini. Akatazama mikono yake iliyokondeana. Homa imenila, akajiambia.

Alirudi kazini. Kushuka kulikuwa kuzuri ajabu; baiskeli ilikaa barabarani imetulia hata kwenye kona ya Mogire, na yeye akadhani ugonjwa umemfundisha kwenda pole. Lakini kupanda! Nusu ya kilima tu, kifua kikawaka. Alisimama. Tangu aanze kazi hiyo alikuwa hajawahi kusimama pale, na wenzake walimpita mmoja mmoja huku wakishangilia.

"Mpisheni mzee!"

"Mzee, tukushikie hata kofia?"

Alicheka nao. Jioni alikula mayai, kesho yake supu ya mifupa, na ugali wa wimbi kila alipoupata. Mwezi ukapita, na mwingine, na kilima kikabaki vile vile. Akapunguza mzigo: mikungu mitatu, halafu miwili. Hapo ndipo alipozeeka kweli, kwa sababu mtu akishaamini kwamba amekwisha, mwili nao husadiki. Mluzi hakuupiga tena.

"Nguvu zako ziko palepale," Nyanchera alimwambia mara nyingi. "Wewe panda polepole, mradi ushuke salama."

Alichukia kuambiwa hivyo. Aliona anaonewa huruma. Jioni moja alimgeukia, akamuuliza kwa ukali, "Kama ziko, mbona mimi sizioni? Niambie ziko wapi." Nyanchera alifungua kinywa. Akageuza mwiko chunguni. Kisha akasema chakula kiko tayari.

Mwaka wa 1972 Nyanchera alikuwa mjamzito tena, na miezi ilikuwa bado. Asubuhi ya Sabato, akimfunga Jemimah kamba za viatu waende kanisani, alikaa chini ghafla na kumwita mumewe. Damu ilikuwa imeshafika sakafuni.

Ratemo alitoa baiskeli. Alikunja blanketi juu ya keria na kulifunga vizuri. Kisha akainua macho. Kutoka uani kwao barabara ya mjini ilionekana ng'ambo ya mto, imelala juu ya kilima kuanzia chini hadi juu. Aliona pale katikati anaposimama kila siku, na mikungu miwili tu. Akajiona amesimama papo hapo na Nyanchera kwenye keria, kifua kimekata, na barabara haina mtu kwa sababu ni Sabato na kila mtu yuko kanisani. Kuogopa si dhambi. Lakini aliogopa, tusimfiche.

"Ngoja niite watu wakubebe," alisema.

"Yaya," Nyanchera alikataa. "Twende na baiskeli. Utaweza."

"Sitaweza, Nyanchera."

"Utaweza. Nakwambia utaweza."

Aliiegemeza baiskeli ukutani akakimbia kanisani. Wanaume waliacha wimbo katikati, wakatoka na nguo zao nzuri. Walikata miti, wakafunga blanketi, wakatengeneza machela, na walifanya haraka kadiri watu wanavyoweza. Walipokezana mabega kwenye matope. Penye mawe ya mto walikwenda hatua kwa hatua ili wasimwangushe. Ratemo alikwenda kando ya kichwa cha mkewe, akimwita jina. Alikuwa anaitika. Walipofika pale katikati ya kilima, aliita tena na hakuitikiwa.

Walimzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Hakuna aliyemlaumu Ratemo. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia kwamba machela ndiyo njia ya watu wenye heshima, na wengine wakaitikia, na Ratemo akashukuru. Lakini aliporudi kitandani aliwaza muda uliokwenda kukata miti, na muda uliokwenda kuifunga, na kule kukimbia hadi kanisani. Kwa muda huo baiskeli ingekuwa imeshavuka mto. Kama tu angekuwa yule Ratemo wa zamani. Ugonjwa ndio ulionipokonya mke, alijiambia, na neno hilo, ingawa lilimuuma, lilimpa pa kushika.

Mvua ndefu zilipokwisha aliipeleka baiskeli kwa Angwenyi. Alitaka amtafutie mnunuzi.

"Sitabeba tena," alisema. "Mwili umekataa."

Angwenyi aliipindua, akazungusha gurudumu, akaitikia kwa kichwa. "Nitamtafuta mtu. Lakini acha kwanza nitoe vile vyuma vya marehemu, uende navyo. Si vyema viuzwe."

"Vyuma gani?"

Fundi aliinua uso. Alimtazama Ratemo, na polepole akaelewa alichokuwa amefanya.

"Hakukwambia," alisema.

Hakukuwa tena na namna ya kurudisha neno. Angwenyi alifungua usukani, akachomoa uma, akaingiza koleo ndani ya bomba na kuanza kugonga. Ilitoka nondo nene kama dole gumba, urefu wa fremu nzima. Akaingia bomba la chini la fremu akatoa nyingine. Akazilaza chini mbele ya Ratemo, akarudisha uma na usukani huku akieleza.

"Ulikuwa na homa. Alikuja na jogoo, akakaa hapo ulipo, akalia. Alisema hatakuwa mjane wa kona ile. Nikamwambia itakuwa nzito sana kupanda. Akasema, 'Kupanda hakujaua mtu.' Rangi ilikuwa ya kufichia alama za nyundo. Mimi nilidhani alishakueleza, jamani. Miaka yote hii."

Ratemo aliinama, akaishika baiskeli katikati kwa mkono mmoja, akainua. Ikaja juu mpaka kifuani, kama ilivyokuwa ikija siku zote kabla ya homa. Akaishusha. Akaiinua tena, akaishikilia hewani.

"Aliniambia nitaweza," alisema.

Angwenyi alitaka kuichukua mikononi mwake, naye hakuiachia. Walisimama hivyo, watu wa soko wakipita. Mwishowe Ratemo aliilaza chini mwenyewe, taratibu, akaziokota zile nondo na kumpa fundi.

"Zirudishe."

"Zote?"

"Zote. Siuzi."

Akakaa juu ya gogo akingoja, mpaka kazi ikaisha. Kisha akaishika baiskeli yake na kuisukuma kuelekea nyumbani, na kila penye mlima alisimama, akapanda polepole kama alivyoambiwa.