Hezroni Kwenye Kona ya Kwanza

Asubuhi ya mashindano Hezroni aliingia na kutoka chooni hadi mkewe, Rut, akamuuliza kama jana alikula kitu kibaya.

"Ni ule mchuzi wa samaki," Hezroni alijibu.

Rut aliula mchuzi uleule, na hakuwa na neno. Akaendelea kufunga chakula cha kwenda nacho.

Hezroni alikuwa dereva wa Fuso. Kwa miaka mingi alibeba kakao na mchele kutoka Kyela kupandisha hadi Mbeya, kwenye zile kona za Rungwe zenye ukungu, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema anaogopa barabara. Kwa hiyo watu walipoanzisha mbio za magari makuukuu kule Ngonga, kwenye mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa na kukauka, jina lake lilikuwa la kwanza kutajwa. Akakubali mbele ya wanakwaya wenzake, na baada ya hapo kila aliyekutana naye sokoni alimuuliza habari za mbio.

Gari alilipata nyuma ya gereji ya Nelson, fundi wake wa siku zote. Lilikuwa Starlet lililokaa muda mrefu kiasi kwamba kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Nelson aling'oa viti vyote, akabakiza cha dereva, akachomelea kizimba cha mabomba ndani ili paa lisimwangukie mtu gari likipinduka, kisha akafunga mikanda mipana ya mabegani. Jioni walikwenda Ngonga kujaribu. Hezroni alizunguka peke yake uwanjani, Nelson akipima muda kwa simu.

"Mzee, utawamaliza," Nelson alimwambia.

Alikuwa na kasi kweli. Ila alikuwa peke yake, na hilo hakuna aliyelifikiria.

Siku ya mbio magari yalipangwa mawili mawili. Ubavuni kwa Hezroni alikaa Ebeneza, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Njisi, kwenye Corolla jeupe lenye mlango mmoja wa bluu. Ebeneza alimpungia mkono. Hezroni alitaka kumjibu, lakini vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania usukani na havikutaka kuachia. Ndani ya helmeti alisikia pumzi zake mwenyewe, fupi fupi, kama za mtu aliyepanda mlima.

Angetile, mama aliyesimamia mashindano, akashusha bendera.

Walifika kona ya kwanza wote kwa pamoja. Mbele kulikuwa na vumbi tupu. Kulia, ule mlango wa bluu ulikuwa karibu kiasi kwamba Hezroni angeweza kutoa mkono akaugonga. Nyuma bampa la mtu lilikuwa likimfuata, kushoto kuna tairi zilizojazwa udongo. Maisha yake yote ya udereva alifundishwa kuacha nafasi. Gari likija vibaya, lipishe. Ukiona hatari, punguza. Mguu wake ukatoka kwenye mafuta wenyewe, hata kabla hajaamua. Gari la nyuma likapiga honi, likamkwepa kwa shida, na wote wakampita.

Kwenye sehemu iliyonyooka akawakuta. Akaingia ubavuni mwa gari la mwisho, na kona ilipokaribia mguu ukatoka tena. Kifua kikambana. Helmeti ikawa kama inapungua, inamkaza masikio. Akaona uwazi kati ya zile tairi, akakata usukani, akatoka uwanjani.

Nelson alikuja mbio.

"Nini?"

"Inachemsha," Hezroni alisema. "Rejeta."

Neno lilitoka rahisi. Nelson akafungua boneti. Akainama, akachungulia, akagusa huku na huku.

"Sioni mvuke."

"Imechemsha, nakwambia. Nimeona mshale wa joto umepanda."

Basi Nelson akaleta spana. Alimwamini Hezroni kuliko macho yake mwenyewe. Akafungua mpira wa chini wa rejeta, maji yakamwagika kwenye suruali yake na kwenye udongo, akaanza kuitafuta themostati inayodhibiti joto la injini. Rut alisogea, akaweka kiganja juu ya injini, akakiacha hapo kidogo. Kisha akamtazama mumewe, akarudi kukaa.

Mbio zilipokwisha, Ebeneza alikuja na helmeti kwapani, uso umejaa vumbi, macho tu ndiyo yanaonekana.

"Pole sana, kaka. Imekufanyaje?"

"Joto," alisema Nelson toka chini ya gari. "Lakini sielewi linatoka wapi."

"Itakuwa feni. Chukua yangu." Ebeneza alikuwa tayari anageuka kuliendea gari lake. "Mimi nimeshamaliza wa tatu, inanitosha. Huyu ni mara yake ya kwanza, hawezi kurudi nyumbani bila kumaliza hata mzunguko mmoja, na mbio za pili bado. Tutaifunga hata kwa waya."

"Hapana, mwalimu," Hezroni alisema. Sauti haikusikika vizuri. Ebeneza alishafungua boneti lake, na mtu mwingine alishaanza kutafuta waya.

Hezroni akaenda nyuma ya turubai walikoweka vyombo. Rut akamfuata.

"Baba Brenda."

"Mm."

"Injini ile niliishika. Nimekulia Matema kwenye matanuri ya vyungu, joto nalijua. Haijachemsha."

Hezroni alitazama chini. "Ulitaka nifie pale?"

"Mimi sikutaka hata uje. Tangu siku ile uliposema utashindana sijalala vizuri, na sikukuambia. Lakini mwalimu wa watu anabomoa gari lake kwa ajili yako."

Hezroni alitamani kusema waende nyumbani. Ingewezekana kabisa. Gari bovu ni gari bovu, watu wangempa pole, wanakwaya wangempa pole, na wiki mbili mbele hakuna ambaye angekumbuka. Kisha akasikia spana ya Ebeneza ikiteleza, na Ebeneza akipiga yowe dogo la maumivu, akicheka, akisema si kitu, ni ngozi tu. Hezroni akarudi kule haraka kabla hajabadili mawazo.

"Mwalimu, acha. Gari halina shida. Ni mimi. Mlipokuja ubavuni niliogopa, nikashindwa kupumua."

Aliyeshika waya akatazama pembeni. Nelson akatoka chini ya gari taratibu, suruali imelowa hadi magotini.

"Nimemwaga maji yote," alisema.

"Najua."

"Ungeniambia."

Akachukua dumu, akaenda kutafuta maji bila kungoja jibu. Hilo lilimuuma Hezroni kuliko kama angetukanwa.

Ebeneza alikaa juu ya tairi, akawa anafyonza kidole kilichochubuka.

"Mimi mara ya kwanza nilitapika ndani ya helmeti," alisema. "Mke wangu alikataa kuiosha. Ulikuwa unaangalia nini pale konani?"

"Mlango wako."

"Ndiyo maana. Mlango wangu achana nao, utakuvuta. Angalia kona inapoishia. Nikiwa ubavuni nitakuachia nafasi ya gari moja, na wewe niachie hivyohivyo. Tukigusana, basi tumegusana. Hatari ni kutoa mguu ghafla, maana aliye nyuma hajui kama unatoa."

"Sijui kama naweza."

"Na mimi sijui kama unaweza," Ebeneza alisema, akaenda kufunga boneti lake.

Angetile alipita akiuliza nani anaingia mbio za pili. Nelson alikuwa amesharudi, amefunga mpira na kujaza maji. Hezroni alimtazama Rut.

"Usiniangalie mimi," Rut alisema. "Sikukutuma na sikukatazi."

Lakini alipokaa kwenye kiti, Rut ndiye aliyekuja kumkaza mikanda, akaivuta kwa nguvu hadi Hezroni akaguna.

Alianzia mwisho. Kona ya kwanza alipunguza tena, kidogo, na akajilaani. Ya pili vilevile. Magari mengine yakaenda zao. Alianza kufikiri kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa hadi mwisho, atawafuata kwa nyuma kama anayesindikiza msiba, lakini mzunguko wa tatu dereva aliyekuwa mbele ya Ebeneza aliteleza akaingia kwenye tuta la shamba, na Ebeneza, aliyelazimika kusimama ili asimgonge, akajikuta sambamba na Hezroni.

Wakaongozana mlango kwa mlango. Ule wa bluu ukawa tena kulia kwake. Hezroni akaukataa kwa macho. Akatazama mbele, mahali tuta lilipoishia na milima ya upande wa Matema ilipoanza, akauacha mguu palepale ulipo. Wakaingia. Kikasikika kishindo, kioo cha pembeni kikakatika na kutoweka, gari likayumba, mtu akapiga kelele, na Hezroni akatambua kuwa anayepiga kelele ni yeye. Mguu haukutoka. Wakatokea upande wa pili wote wawili, bado wako sawa.

Kona iliyofuata Ebeneza akampita. Hezroni akamaliza wa pili kutoka mwisho, na huyo wa mwisho ni yule aliyekwama tutani.

Alipozima injini hakuweza kufungua mikanda. Alipapasa kifungo mara mbili, akakikosa. Rut akamfungulia, akamwekea chupa ya maji mdomoni.

"Umefurahi?" alimuuliza.

"Sijui, Mama Brenda. Naogopa bado."

"Wanasema kutakuwa na nyingine kabla mvua hazijaanza."

"Nimesikia."

Nelson alikuwa amepiga magoti akiuchunguza mlango uliobonyea. Hezroni akaenda akachuchumaa karibu yake.

"Nisamehe kwa yale ya rejeta."

Nelson alipapasa bati lililobonyea.

"Siku nyingine ukiogopa, sema umeogopa," alisema. "Mimi boneti nafungua kwa ajili ya gari."

"Ndaga," Hezroni alishukuru.

"Haya. Shika huku, tulivute hili bati, linasugua tairi."